Usilete Mwingine

Bilele, Bukoba
4 Mei 1986

Shemeji Gamaliel,

Salamu zikufikie huko Izigo, wewe pamoja na Mama na Mzee Elieza na wote wa hapo nyumbani. Georgina anasema ulimwahidi muwa siku ya mazishi ya baba yake na hajasahau. Ana miaka minne, kumbukumbu yake ni ya mkopeshaji.

Nakuandikia juu ya Mtanga. Ni wewe peke yako umebaki unayeyajua mambo ya samaki huyu, maana uliishi na kaka yako kule Tanga ulipokuwa unasoma chuo cha kilimo, na mwenyewe Damian tumemzika Februari. Mimi bahari sijaiona hata siku moja. Ninachojua ni kwamba baada ya vita mume wangu alihamishwa kutoka bandari ya Tanga kuja bandari ya hapa, na wakati wenzake wanahama na makabati, yeye alikuja na sanduku la kioo, mapipa mawili ya maji ya bahari na samaki wawili wekundu wenye mikanda myeupe. Alivuka nao nchi nzima kwa treni na meli. Mwezi mzima watu wa Bilele walipita dirishani kumwangalia fundi mwendawazimu aliyeleta samaki kwenye mji wa samaki. Mmoja alikufa Januari. Aliyebaki ndiye huyu Mtanga.

Sasa Mtanga hali chakula. Amelala chini, ubavuni mwa jiwe, anahema haraka haraka. Dagaa namsagia kama kawaida, anaitazama tu. Maji ni maangavu na hayana harufu. Pampu ya hewa inafanya kazi umeme ukiwapo. Ukikatika tunachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, tunapokezana mimi na Georgina. Maji yakipungua sandukuni naongeza ya pipa kila Jumamosi, na sijaacha hata mara moja. Kosa liko wapi silioni.

Utasema ni samaki tu. Mama naye alisema hivyo alipokuwa hapa msibani. Alisema samaki asiyeliwa ni mgeni asiyeaga. Lakini Damian aliposhindwa kugeuka tulimsogezea kitanda sebuleni, akawa anamtazama yeye kutwa. Alinitaka nisimwache afe kwa uzembe. Niliahidi.

Barua mpe kondakta wa basi la Muleba. Ananijua, nilimfundisha mdogo wake.

Ni mimi shemeji yako,
Alistidia


Izigo, Muleba
9 Mei 1986

Shemeji Mwalimu Alistidia,

Bwana asifiwe. Huku sote wazima, kahawa inaanza kuiva, wakulima wangu wanaivuna mbichi nikiwapa kisogo na kuniapia kwa Mungu kwamba ni ndege. Mimi mwenyewe ni mzima kabisa, hofu ni juu yako tu.

Nasema hofu kwa sababu barua yako, waitu, imekuja haina kichwa! Umesalimia ukoo mzima, umenieleza samaki anavyohema, lakini wewe kama u mzima au mgonjwa hukuandika. Mwalimu unayewachapa watoto wa darasa la nne kwa kusahau "mimi ni mzima wa afya, sijui wewe"! Kama wanshomile, wasomi wenyewe, mnaandika hivi, sisi mabwana shamba tutaiga kwa nani?

Tuje kwa Mtanga. Kosa nililiona hata kabla sijageuza ukurasa. Ni hayo maji ya pipa. Shemeji, kinachopungua sandukuni ni maji matupu. Chumvi haipai. Maji hupaa, chumvi hubaki. Chukua mchuzi uliosahaulika mekoni ukakauka nusu. Ukiuongezea maji utalika. Ukiuongezea mchuzi mwingine wenye chumvi yake, nani atauweka mdomoni? Umemwongezea Mtanga mchuzi tangu Februari.

Najua ulimwona Damian akichota pipani. Lakini yeye alikuwa kwanza anatoa ndoo ya maji ya zamani, anaimwaga nje, ndipo anarudisha kiasi kile kile kutoka pipani. Huko ni kubadilisha. Maji yakipungua yenyewe alirudishia ya mvua, au ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi mpaka dawa ya mjini ikaondoka. Wewe uliona mkono pipani, ndoo inayotoka hukuiona.

Katika kabati lake kuna kijiti cha kioo chenye namba, kile ambacho watu wa maziwa wanapimia kama maziwa yametiwa maji. Maziwa mazuri hukielesha kwenye thelathini. Bahari ya Tanga hukielesha kwenye ishirini na tatu, ishirini na nne. Kitumbukize uone. Kikizidi, toa kikombe cha maji ya sanduku, tia kikombe cha maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, taratibu. Usikimbize. Ukimshusha ghafla utamuua kwa huruma.

Na ule mchanga wa chini usiuguse! Chini yake kuna bamba lenye matundu, na maji yanavutwa kupitia mchanga yanachujwa. Ukiuona mchafu uache hivyo hivyo. Uchafu ule unafanya kazi.

La pili naliandika kwa aibu. Juzi baada ya ibada Mzee Elieza aliniita kando. Kahawa ikishauzwa, yaani Agosti, ukoo utamaliza matanga ya Damian, na siku hiyo atatajwa wa kusimama mahali pake: kwa nyumba, kwa mtoto, na kwako. Wamenitaja mimi. Nilimuaga baba mdogo nikaenda zangu shambani. Nimeona heri ulisikie kwangu kuliko kwa kondakta.

Shemeji yako,
Gamaliel


Bilele, Bukoba
20 Mei 1986

Shemeji Gamaliel,

Nimepata barua. Kijiti kilisoma thelathini na moja. Kwa hesabu hiyo sebuleni kwangu kuna ng'ombe mzuri sana.

Nimefanya ulivyoagiza, kikombe kwa kikombe. Leo kinasoma ishirini na nne. Mtanga ametoka ubavuni mwa jiwe na jana alikula dagaa, akamfukuza na kidole cha Georgina kupitia kioo. Shamsa, jirani wa nyumba ya pili, alikuja kumpa pole akamkuta mzima, akabaki kuninanga mimi. Bado anasema kwamba miaka ile chumvi ilipopotea madukani, Bilele nzima inakula mboga chapwa, sisi tulikuwa na mapipa mawili ya chumvi tukamtilia samaki. Nikamkumbusha kwamba alikuja na bakuli na Damian akamchotea, akapikia maharage kwa maji ya Tanga. Anasema yalikuwa na ladha ya meli.

Mama alipokuwa hapa alitaka kuuosha ule mchanga kwa sabuni ya unga. Nilimzuia bila kujua sababu. Sasa nina sababu, asante.

La pili nimelisoma.

Nina swali. Yule mwenzake Mtanga alitoka madoa meupe mwilini, kisha akakonda mpaka mgongo ukawa kama wembe. Maji yalikuwa maangavu vilevile, na chakula walikula pamoja. Nataka kujua. Samaki akifa kwa maradhi ya namna hiyo, yule aliyebaki, aliyekuwa naye katika maji mamoja, ni mzima? Na maji yale yanamfaa lini samaki mwingine? Nijibu kitaalamu. Usinitanie.

Ni mimi,
Alistidia


Izigo, Muleba
1 Juni 1986

Shemeji Alistidia,

Mimi mzima, Mama mzima, hofu ni juu yako, na kwa mara ya pili hukuandika. Hapo ndipo mwisho wa utani. Umenikataza, nimejikaza.

Swali lako ni zuri. Kwanza, uangavu wa maji haumaanishi kitu. Sumu inayoua samaki haina rangi, na wadudu wanaomuua hawaonekani kwa macho. Wapo wadudu wema, ndio wale wanaokaa kwenye mchanga na kula mkojo wa samaki, ndiyo maana tunauacha. Wapo na wabaya. Wote wamo ndani ya maji ambayo ungeweza kusomea gazeti ukiyaweka juu yake.

Pili, aliyebaki. Hapa watu wengi wanajidanganya. Aliyebaki anaweza kuwa nao bila kuonyesha. Anakula, anaogelea, anang'aa, na ugonjwa umo. Ukimtia mgeni humo, mgeni ataupata, haijalishi ana nguvu kiasi gani. Tanga nilimjua bwana mmoja wa mkonge aliyekuwa anapoteza samaki kila baada ya muda, kila akifa mmoja analeta mwingine mkubwa zaidi, akidhani shida ni udhaifu wa samaki. Damian alimwambia, "Mzee, acha kuzika. Usilete mwingine mpaka ujue waliokufa walikufa kwa nini." Hakusikia.

Hayo ndiyo ya kitaalamu. Ya kwangu ni kwamba Mtanga amekaa tangu Januari hana hata doa. Kwangu mimi huyo ni mzima. Nimeshamwandikia rafiki yangu wa Tanga amtafutie mwenzake, atamtuma kwa mwenye kuja Mwanza, nami nitampokea melini hapo Bukoba nimlete mwenyewe. Najua nimejipinga katika ukurasa mmoja. Lakini si vizuri kuishi peke yako kwenye kioo watu wanakutazama.

Alistidia, kwa mistari hii michache naacha kuandika shemeji. Wakinikabidhi wewe Agosti, sitakupokea kama mtu anavyopokea kibanja na migomba yake. Nakupenda. Zamani nilikuheshimu tu, mke wa kaka, mtu wa chaki. Ni barua hizi. Barua yako ikifika naipeleka shambani nikaisome mbali na watu, hata ile sehemu ya dagaa. Kama hunitaki sema, nitawaambia wazee sababu yoyote ile. Kama unanitaka, usiseme kitu, nitaelewa.

Gamaliel


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka: Bukoba, 6 Juni 1986
Kwa: GAMALIEL, IZIGO, MULEBA

MATANGA BADO USILETE MWINGINE
ALISTIDIA


Izigo, Muleba
12 Juni 1986

Alistidia,

Simu yako imefika. Imefikia mikononi mwa Mzee Elieza, kwa kuwa sanduku la posta ni la usharika na yeye ndiye mzee wa kanisa anayetuchukulia barua. Na wewe unajua, huku kwetu simu ni kifo tu. Aliifungua hapo hapo. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena, kisha akatuma watu watuite wote.

Ukoo umekaa kikao siku nzima juu ya maneno manne. Mzee Elieza anasema umetoa amri: matanga hayajaisha, na mume mwingine usiletewe. "Tangu lini mjane akaupangia ukoo matanga, tena kwa simu ya serikali?" Mama analia kwamba umemkataa mwanawe aliye hai kama ulivyomzika aliyekufa, ndivyo alivyosema, usimchukie, ni uchungu. Mimi nilisimama nikajaribu kueleza kwamba hapa patakuwa na kosa, kwamba Mtanga ni samaki, na mwingine ni samaki mwingine atakayetoka Tanga kwa treni. Mzee Elieza akanipa kahawa ya kutafuna akaniambia nikae chini nitulie.

Nilikaa. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa na hakika.

Sasa sikiliza walivyoamua. Kama Gamaliel hatakiwi, yupo Nathanieli, mtoto wa Mzee Elieza mwenyewe. Unamjua, ana mke na watoto watatu. Alikubali hapo hapo, kabla hajamaliza kuulizwa. Nyumba ya Bilele ina bati na umeme, sikumshangaa. Na yeye ukimkataa, nyumba itarudi kwa ukoo, na Georgina ataletwa Izigo alelewe na bibi yake. Agosti haijasogezwa.

Nilikwambia sema ukinikataa, na kama ndivyo ulivyosema, nimesikia. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Hayo maneno ni ya karani wa posta au ni yako? Nijibu kwa barua, bahasha uifunge kwa gundi, mpe kondakta mkononi. Sitauliza mara mbili.

Gamaliel


Bilele, Bukoba
17 Juni 1986

Gamaliel,

Ni ya karani. Niliandika MTANGA, yaani bado hatujui kama ni mzima. Yeye alimwona mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani akileta simu inayosema "Mtanga bado", akafikiri mjane amepotewa na herufi kwa majonzi, akanisahihisha kwa huruma. Alinipunguzia na sauti wakati wa kunirudishia chenji. Niligundua nilipoonyeshwa nakala. Ningeweza kumwambia aitume upya. Sikumwambia, kwa sababu alichokosea yeye ndicho nilichokuwa nataka kusema mimi.

Niliyoshindwa kuyasema kwa samaki nitayasema kwa watu.

Damian hakufa kwa homa ya matumbo. Alikufa kwa ugonjwa huu ambao watu wanauita Juliana, huu wa kukonda. Daktari aliniambia waziwazi. Damian alijua, na alinisihi Mama asijue, kwa hiyo tukaandaa homa ya matumbo pamoja, mimi na yeye, kama watu wanaoandaa somo. Aliupata wapi sijui. Labda vitani, alipochukuliwa kwenda kutengeneza magari mpaka Masaka. Labda safarini. Labda kwangu. Aliyekufa simuulizi.

Machi nilitolewa damu, ikapelekwa mbali. Jibu lilirudi Aprili, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Ninao. Georgina naye alipimwa. Yeye hana.

Sasa unajua kwa nini barua zangu hazina kichwa. Kunyamaza naweza. Kuandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe siwezi, na kila nilipofika pale pa kusema mimi ni mzima, nilipita kwa Georgina au kwa samaki. Watu wote wanaandika "hofu ni juu yako", wala hawana hofu yoyote, ni desturi tu. Mimi nimeshindwa kuiandika kwa sababu ninayo. Basi leo nakuandikia barua yenye kichwa, kama unavyotaka. Mimi si mzima. Hofu ni juu yako.

Nilikuuliza lile swali nikiomba uniambie kwamba nawaza ujinga. Wewe ukajibu: aliyebaki anaweza kuwa nao bila kuonyesha, na mgeni ataupata, haijalishi ana nguvu kiasi gani. Nilikuwa nimesimama jikoni. Halafu nikageuza ukurasa nikakuta unasema utaleta mwingine, tena utamleta mwenyewe.

Ile mistari yako michache nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Sitajifanya sikuielewa. Ningekuwa mzima ningekubali, na Agosti nisingeingoja. Nakupenda pia, ndiyo sababu nakukataa.

Usije. Na Nathanieli asije, ana mke, na mke wake hajafanya kosa. Lakini ukiwaambia wazee sababu yenyewe, watakuwa hapa kabla kahawa haijakauka, watoto wa shule watasikia, na Mama atajua mwanawe alikufa kwa nini. Katikati ya hayo mawili sioni njia. Nimekutwisha mzigo ambao mimi mwenyewe umenishinda, na naomba radhi.

Kijiti kinasoma ishirini na tatu.

Alistidia


Bilele, Bukoba
10 Julai 1986

Gamaliel,

Hujajibu. Kondakta anasema barua alikupa mkononi na kwamba uliisoma umesimama barabarani mpaka basi likaondoka.

Sikulaumu. Nimeandika tu kukwambia kwamba Mzee Elieza alimtuma Nathanieli wiki iliyopita kuja kuangalia nyumba. Alipima vyumba kwa hatua zake. Alikuwa mpole. Aliniuliza kama sanduku la kioo nalo ni la ukoo. Nilimkaribisha chai akanywa, na mimi nilimtazama anavyocheka na Georgina, mwili wake wote mzima, nikaona aibu kana kwamba nimempa sumu kwenye kikombe. Chai haina kosa, najua. Daktari alinieleza.

Kama hutaandika tena, niandikie mara moja tu, unielekeze namna ya kutengeneza maji ya bahari. Pipa la pili limefika nusu, na aliyekuwa anamletea Damian maji kutoka Tanga simjui.

Alistidia


Izigo, Muleba
20 Julai 1986

Alistidia,

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asiguse maji ya samaki, achilia mbali barua. Yako niliichoma siku ile ile jikoni kwa Mama, Mzee Elieza asije akaiokota. Kwanza niliikariri.

Nilimkasirikia Damian. Nilikwenda kwenye kaburi lake pale kibanjani, nikamtukana kwa Kihaya, matusi ambayo tulijifunza pamoja tukiwa wadogo. Nilipoishiwa nikapalilia, maana magugu yalikuwa yamefika magotini na nilikuwa nimeshika jembe. Kisha nikakukasirikia wewe. Nani anamwambia mtu ndiyo na hapana kwa sentensi moja? Nikasema sitaandika tena. Halafu nikasikia Nathanieli amekuja kwako kupima vyumba, na anawasimulia watu kwamba chumba cha mbele kitamfaa kuwa duka.

Jana niliwaendea wazee nikawaambia nimekubali.

Tulia usome mpaka chini. Nikikataa mimi, anakuja Nathanieli. Ukimkataa Nathanieli, nyumba inaondoka na Georgina anaondoka. Tukisema ukweli, vyote vinaondoka, na Mama anamzika Damian mara ya pili. Nikikubali, hakuna mtu anayeuliza kitu. Niliwaambia ile simu ilikuwa kosa la karani, kwamba ulikuwa unazungumzia samaki, na kwamba kwa barua umekubali. Mzee Elieza alisema, "Hata kama si kosa, mwanamke akikataa kwa simu na kukubali kwa barua, chukua barua." Mama amefurahi. Ameshachagua migomba ya kutengenezea rubisi, pombe ya siku hiyo.

Agosti watakuja, watamaliza matanga, watakula na kunywa, watanikabidhi mbele ya watu, wataondoka. Mlango ukishafungwa yaliyo ndani ni yetu. Nimeomba uhamisho kwenda Maruku, kwenye kituo cha utafiti, na wamenikubalia. Nitakuwa nakwenda kwa baiskeli na kurudi Bilele jioni.

Nitalala sebuleni, pale kilipokuwa kitanda cha Damian. Pampu ya hewa ina kelele, lakini niliizoea Tanga. Watu wakiuliza mbona hatuzai, nitasema Mungu hajatoa. Mama atasema mimi ndiye mwenye kasoro, na watanong'ona kanisani. Waache. Mgongo wangu ni wa bwana shamba, umebeba magunia ya watu wengine miaka yote.

Uliandika nisije. Hapo sikutii. Uliniambia nisiingie katika maji, nimesikia, siingii. Kuyabadilisha hakuna aliyenikataza.

Maji ya bahari hayatengenezwi jikoni, Mwalimu. Ile chumvi ya dukani haitoshi, bahari ina vingine vingi ambavyo sijui hata majina yake. Yule rafiki wa Tanga nimemwandikia samaki asitume. Atume mapipa mawili ya maji, na baada ya hayo mengine, mpaka nitakapomwambia basi.

Mwambie Georgina muwa wake nimeshaukata. Mtanga mpe dagaa kidogo kidogo, usimvimbishe. Mimi ni mzima. Wewe usiniandikie tena kwamba huna kichwa cha barua, andika tu umeamkaje siku hiyo, kama ni vibaya andika vibaya, nitaisoma.

Na ile ndoo ya kutolea maji ya zamani ni nzito ikijaa. Usiinyanyue mpaka nifike.

Gamaliel